Betri ya kifaru cha rimoti: namna ya kuichagua na kuichaji kwa joto na umeme wa Dar es Salaam

Mtu akipata kifaru cha rimoti, jambo la kwanza analouliza ni bei ya betri ya akiba. Angeanza na chaja. Betri nzuri ikichajiwa na chaja mbovu hufa baada ya miezi michache, na kama ni ya lithiamu yaweza kuondoka na pazia na kochi. Betri ya kawaida tu, kwenye chaja nzuri, hudumu miaka. Kwa hiyo kama una laki mbili za kugawa kati ya vitu hivi viwili, fungu kubwa liende kwenye chaja. Nitaeleza kwa nini tukifika huko.

Vifaru ninavyovisemea ni vile vya kipimo cha 1/16 (kifaru halisi kimepunguzwa mara 16), yaani vya kampuni za Heng Long, Taigen, Tamiya na jamaa zao, ambavyo huendeshwa na mota mbili, kila moja na mnyororo wake. Vidogo kuliko hivyo mara nyingi huja na betri iliyofungiwa ndani, na hapo huna la kuchagua.

Jambo jingine la kuweka akilini kabla hujaingia dukani: kifaru si gari la mashindano. Tiger I ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili ilikwenda karibu kilomita 40 kwa saa barabarani. Gawanya kwa 16 unapata kilomita 2.5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kifaru kinachokimbia kama panya sebuleni hakina sura ya kifaru. Matangazo ya betri zenye nguvu za kutisha yameandikwa kwa ajili ya watu wa magari ya mbio na ndege. Wewe unatafuta betri inayotoa umeme taratibu, kwa muda mrefu, na isiyo na hasira.

Hatua ya 1: Kisome kifaru chako

Kigeuze, fungua mfuniko wa betri tumboni, utazame mambo manne.

Volti. Vingi vya 1/16 vimetengenezwa kwa volti 7.2 au 7.4. Usishangae kuona namba hizo mbili zikibadilishana nafasi. Betri ya nikeli ya volti 7.2 ina seli sita. Ikitoka kwenye chaja kila seli husimama karibu na volti 1.4, jumla 8.4. Betri ya lithiamu ya volti 7.4 ina seli mbili, na kila moja ikijaa ni volti 4.2, jumla ni 8.4 ileile. Bodi, yaani sakiti inayoendesha kifaru, haioni tofauti. Inayoleta msiba ni ya seli tatu, volti 11.1, ambayo ikijaa hufika 12.6. Kuna watakaokwambia kifaru "kinachangamka" kikiwekewa hiyo. Kweli kinachangamka, mpaka bodi itoe harufu.

Nafasi. Pima urefu, upana na kina kwa rula, na uache nafasi ya waya na plagi, kwa sababu betri inayoingia kwa kusukumwa hutoboka au hukatika waya.

Plagi. Nyingi ni zile nyeupe za plastiki za mtindo wa Tamiya, zenye pini mbili. Umbo la plagi lisikudanganye kuhusu chanya na hasi, maana wapo watengenezaji wanaogeuza. Pima kwa mita ya umeme kila betri mpya kabla hujaichomeka mara ya kwanza. Mita ya bei rahisi inatosha kabisa kwa kazi hii.

Ulinzi wa bodi. Soma karatasi iliyokuja na kifaru: je, bodi inakata umeme betri ya lithiamu inapokaribia kuisha? Bodi za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya nikeli hazikati. Zinaendelea kunyonya mpaka seli zife. Jibu la swali hili ndilo litakaloamua nusu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Chagua aina

Kuna aina nne zinazofaa kuzungumziwa.

Nikeli, ile inayoandikwa NiMH, ndiyo ningempa mtu anayeanza, hasa kama mwenye kifaru ni mtoto au kama nyumba ina watoto. Ni nzito: pakiti ya seli sita kubwa ina uzito wa karibu gramu 350 hadi 400. Kwa ndege hiyo ni kasoro, ila kwa kifaru ni faida, kwa sababu uzito hukandamiza minyororo chini na kifaru hakirukiruki kwenye kokoto. Ikiisha kabisa haifi papo hapo, ikizidishiwa chaji hupata joto na kuharibika polepole, na si rahisi iwake moto. Ubaya wake ni kwamba hupungua yenyewe ikikaa kabatini, na joto la Dar huharakisha hilo. Zipo NiMH zinazoshikilia chaji kwa muda mrefu, kama Panasonic eneloop, ambazo huuzwa moja moja kwa saizi ya AA yenye mAh (kipimo cha ukubwa wa betri) 2000 hivi. Sita za namna hiyo zikiunganishwa vizuri zinaendesha kifaru. Kikasha cha plastiki chenye springi kinafaa kwa majaribio tu, maana springi hupata moto kifaru kinapogeuka palepale na volti hushuka. Mpe fundi azilehemu, na awe fundi anayetumia vibati vya kuunganishia, asishikilie pasi ya moto juu ya seli mpaka ndani kuchemke.

Lithiamu ya duara, seli za 18650, ndiyo inayokuja ndani ya vifaru vingi vipya. Namba hiyo ni vipimo: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Ganda lake ni la chuma, kwa hiyo haitoboki kirahisi. Seli mbili zilizofungwa pamoja na kibodi kidogo cha ulinzi ni chaguo zuri sana kwa kifaru, mradi seli zenyewe ni za kweli. Hapo ndipo penye kazi, na nitairudia tukifika sokoni.

LiPo ni lithiamu ile bapa, laini, iliyofungwa kwa karatasi ya fedha. Inatoa umeme mwingi kuliko kifaru kinavyoweza kutumia. Nyepesi, nyembamba, inaingia popote. Lakini ndiyo isiyosamehe: ikitobolewa, ikizidishiwa chaji au ikiachwa imejaa ndani ya gari lililofungwa juani, huvimba, na ikifika mwisho wa uvumilivu hutoa moshi na moto. Sisemi usiinunue. Nasema isiwe betri yako ya kwanza, na isiwekwe kwenye kifaru ambacho bodi yake haikati umeme bila kuichomekea king'ora cha volti. Hicho ni kidude kidogo kinachochomekwa kwenye waya mwembamba wa betri na kupiga kelele seli ikishuka. Kirekebishe kipige kwenye volti 3.5 kwa seli, ukisubiri 3.0 utakuwa umechelewa.

Ya nne ni LiFePO4, ambayo watu wa sola wa hapa mjini wanaijua vizuri. Kila seli ina volti 3.2, seli mbili 6.4, na ikijaa kabisa 7.2 au zaidi kidogo. Kifaru kitakwenda taratibu kidogo, jambo ambalo mimi naliona ni zuri. Inavumilia joto kuliko LiPo na haina hamaki. Tatizo ni kwamba ikiwa bodi yako imepangwa kukata umeme kwa kipimo cha lithiamu ya kawaida, itadhani betri imeisha wakati bado ina nusu. Kwenye bodi ya zamani isiyokata, inafaa sana, pamoja na king'ora kilichopangwa kwenye volti 2.8.

Kwa kifupi, kwa Dar ningeanza na NiMH, kisha nikaongeza 18650 ya kuaminika baada ya kupata chaja ya maana. LiPo ningeiachia mwenye kifaru kilichobadilishwa giaboksi na mota.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya ukubwa

mAh ni ukubwa wa tenki la umeme. Betri ya mAh 2000 inatoa ampea 2 kwa saa moja, au ampea 4 kwa nusu saa.

Njia nzuri ya kujua kifaru chako kinakula kiasi gani haihitaji kifaa cha ziada. Jaza betri kabisa. Endesha dakika 20 kwa saa ya simu. Rudisha kwenye chaja inayoonyesha mAh zilizoingia. Ikionyesha imerudisha 900, basi kifaru kimekula 900 kwa theluthi ya saa, yaani wastani wa ampea 2.7. Kwa nikeli namba itazidi kidogo, kwa sababu sehemu ya umeme wa kuchajia hupotea kama joto. Kwa lithiamu panga kutumia asilimia 80 tu ya betri. Hiyo 2000 ihesabu kama 1600, na kwa ulaji huo utapata dakika 35 hivi.

Rudia kipimo hicho mahali unapochezea kweli, usiishie kwenye vigae vya sebuleni. Mchanga mlaini hupandisha ulaji sana, nyasi ndefu pia, na kugeuka palepale kwenye zulia ndiko kunakokula kuliko vyote. Wanaopeleka vifaru Coco Beach wajue kwamba mchanga mkavu wa juu hula betri na ule wa karibu na maji huleta chumvi, na chumvi kwenye plagi na mota ni kutu ya wiki ijayo. Uwanja wa udongo mgumu au ua wa nyumba wenye changarawe ndogo ni bora kwa kila hali.

Namba ya C iliyoandikwa kwenye LiPo ni uwezo wa kutoa umeme kwa mara moja: mAh 2000 na 20C maana yake ampea 40. Kifaru chenye mota mbili za saizi 380 hakina matumizi na ampea 40. Kabla hazijafika huko waya au bodi ingeungua. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya 50C au 100C. Wengi wa wanaoziandika hawajazipima.

Hatua ya 4: Kununua

Kariakoo utapata karibu kila kitu, ila pakiti iliyo tayari kwa ajili ya vifaru haipatikani kila duka. Utakachokiona kwa wingi ni seli za 18650 kwenye maduka ya tochi, feni na vifaa vya sola. Tazama namba. Seli ya kawaida ya saizi hiyo haifiki mAh 4000. Zilizo bora kabisa za viwanda vikubwa huishia karibu 3500 au 3600. Ukikutana na iliyoandikwa 6800 au 9900, muuzaji amekurahisishia kazi, irudishe kwenye rafu. Kipimo kingine ni mizani ya jikoni: seli ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi au zaidi. Yenye gramu 25 au 30 ni ganda lenye seli ndogo ndani.

Seli za mtumba zilizotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato ni nafuu, na mafundi wengi wanazo. Kwa kifaru sizipendi. Hata zikiwa nzima zilitengenezwa kutoa umeme kidogo kwa saa nyingi, na mota ya kifaru inapokwama huzidai kwa ghafla. Bora zilizotolewa kwenye betri za dreli, kwa sababu zile zilitengenezwa kwa kazi ya nguvu. Ukinunua mtumba, pima kila seli: iliyo chini ya volti 3.0 iache, na zile mbili unazoziunganisha ziwe za aina moja, za umri mmoja, zenye volti zinazolingana.

Kuagiza kutoka nje kuna ukuta wake. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake, bila kifaa chake, haziruhusiwi kubebwa kama mzigo kwenye ndege za abiria. Ndiyo maana wakala wa mizigo kutoka Guangzhou akisikia neno betri hubadilisha sauti. Ama utalipa njia maalumu, ama utasubiri kontena la meli. Njia ya kawaida ni kuagiza kifaru pamoja na betri yake ndani ya boksi moja, na kumweleza wakala ukweli kuhusu kilichomo. Ukimpata mtu anayesafiri, betri za akiba zinaruhusiwa kwenye begi la mkononi, si la kupakiwa, mradi kila moja haizidi wati-saa 100. Pakiti yako ya volti 7.4 na mAh 2000 ni wati-saa 14.8 tu. Azifunge ncha kwa teipu, kila betri ndani ya mfuko wake.

NiMH haina usumbufu huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nayo.

Hatua ya 5: Chaja

Ile chaja ndogo ya ukutani inayokuja na vifaru vya nikeli haina akili yoyote. Inasukuma umeme mdogo bila kujali betri imejaa au la. Unaweza kuitumia kwa hesabu: zidisha mAh za betri kwa 1.4, kisha gawanya kwa miliampea zilizoandikwa kwenye chaja. Betri ya 2000 na chaja ya 250: 2800 gawanya kwa 250 ni saa 11 na dakika kama kumi. Nani anayekumbuka kuchomoa saa kumi alfajiri?

Chaja inayofaa ina kioo kidogo na uwezo wa kuchagua aina ya betri. SkyRC iMAX B6 ndiyo iliyozoeleka duniani, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoigwa kupita kiasi. Toleo lolote utakalonunua lifanye mambo haya: liwe na NiMH, LiPo, Li-ion (zile za 18650) na LiFe (ile LiFePO4) kila moja kwa jina lake, lionyeshe volti ya kila seli, lionyeshe mAh zilizoingia, liwe na hali ya kuhifadhia, na likubali kuchukua umeme wa volti 12 pia, mbali na ule wa ukutani. Hilo la mwisho ndilo litakalokuokoa umeme ukikatika. Chaja ikifika nyumbani, ijaribu kwa mita: betri ya LiPo iliyojazwa isome kati ya 8.36 na 8.42. Ikisoma 8.5, chaja hiyo ni feki au imeharibika, na ni hatari.

Mengine ni madogo. Plagi ya ukutani iwe ya pini tatu bapa inayokaa vizuri, si ya kubanwa kwa njiti ya kiberiti. Stabilaiza ile ya friji inafaa kukaa kati ya soketi na chaja. Na wekea kifaru fyuzi ya gari ya ampea 10, zile nyekundu, kwenye waya mwekundu karibu na betri. Kwenye duka la spea za pikipiki haigharimu kitu.

Hatua ya 6: Mahali pa kuchajia

Sakafu ya saruji au vigae, mbali na kitanda, mapazia, kapeti na mtungi wa gesi. Kwa lithiamu tumia chungu cha udongo: weka mchanga mkavu chini, betri juu yake, na mfuniko uliokaa juujuu bila kubana, ili moshi ukitokea upate njia. Wazungu huuziana mifuko maalumu ya kuzuia moto. Chungu kinafanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi na bei ya Mwenge. Weka karibu ndoo ya mchanga wa ujenzi uliokauka. Usichukue wa ufukweni, kwa kuwa una chumvi na unyevu.

Saa ina maana pia. Mchana wa Januari mpaka Machi, chumba chenye bati kinakuwa na joto kupita nyuzi 30 kabla hata hujawasha kitu. NiMH ikipata joto sana haipokei chaji vizuri na chaja hukosea kujua imejaa. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 45. Kwa hiyo betri iliyotoka kwenye kifaru iache ipoe mpaka ukiishika husikii joto, nusu saa au zaidi, kisha uchaji jioni au asubuhi mapema, ukiwa macho na ukiwa nyumbani. Kuchaji lithiamu usiku mkiwa mmelala, hapana.

Hatua ya 7: Kuchaji NiMH

Chagua NiMH. Weka ampea kati ya nusu na moja kamili ya ukubwa wa betri; kwa mAh 2000, kati ya ampea 1 na 2. Hapa watu hudhani taratibu zaidi ni salama zaidi. Kwa chaja ya akili si hivyo. Chaja hutambua NiMH imejaa kwa kuona volti imepanda, kisha ikashuka kidogo sana, milivolti 4 au 5 kwa seli. Ukichaji kwa umeme mdogo mno, mshuko huo ni hafifu na chaja haiuoni, inaendelea tu. Ampea 1 kwa betri ya 2000 ni sawasawa.

Weka kikomo cha mAh kwenye chaja, 2400 kwa betri ya 2000, na kikomo cha muda, ili mshuko ukikosekana bado kuna kitu cha kuizima. Ikikaribia kujaa itapata vuguvugu. Hiyo ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishika, chomoa.

Pakiti mpya, au iliyokaa miezi, ichaji mara mbili tatu za kwanza kwa ampea ndogo ukitumia ile hesabu ya 1.4, ili seli zote sita zifikie kujaa pamoja. Betri ya seli sita isishuke chini ya volti 6 kwenye matumizi. Dalili utaiona bila mita: kifaru kinaanza kugeuka kwa uvivu. Simamisha hapohapo, usikikokote mpaka kigome, kwa sababu seli dhaifu kuliko zote itageuzwa chanya kuwa hasi na wenzake.

Hatua ya 8: Kuchaji lithiamu

Itazame kwanza. Imevimba? Karatasi imekwaruzika? Inanukia utamu kama rangi ya kucha? Haichajiwi, ruka uende mwisho wa mwongozo huu.

Pima volti. Seli iliyo chini ya 3.0 tayari imeumia, na usijaribu "kuiamsha" kwa kuichaji kama nikeli, ujanja ambao huzunguka sana kwa mafundi wa simu. Kwenye hali ya NiMH chaja inasubiri ule mshuko wa volti ambao lithiamu haina. Itasukuma ikipita 4.2, 4.5, na kuendelea, mpaka betri iwake. Moto wa betri za rimoti waweza kuanzia kwenye kuchagua aina isiyo sahihi tu.

Kwa hiyo soma kioo mara mbili: aina LiPo au Li-ion kulingana na betri, seli 2S, yaani mbili. Chomeka waya mkubwa, kisha ule mwembamba wa nyaya tatu. Chagua hali ya kusawazisha, ambayo huangalia kila seli peke yake na kuzileta pamoja. Ampea zisizidi ukubwa wa betri, 2.0 kwa mAh 2000. Kwa joto letu mimi huweka 1.0 na kusubiri.

Chaja itasukuma kwa ampea hizo mpaka volti 8.4, halafu itashikilia volti hapo huku ampea zikipungua. Kipande hiki cha pili ni kirefu na kinachosha, usikikatize kila mara kwa sababu ndipo seli zinaposawazishwa. Ikimaliza, tazama seli mbili: tofauti ya volti 0.01 au 0.02 ni nzuri. Ikiwa kila mara seli moja inabaki nyuma kwa 0.1, pakiti hiyo inazeeka upande mmoja. Chomoa waya wa betri kwanza, kisha umeme wa ukutani.

Umeme ukikatika katikati

Hutokea, na kila chaja ina tabia yake. Chaja nyingi za akili huzima na, umeme ukirudi, hukaa zikisubiri ubonyeze kuanza. Hiyo ndiyo tabia nzuri. Ichomoe kwenye soketi umeme unapokatika, na uirudishe dakika chache baada ya umeme kutulia, maana ule mruko wa kwanza ndio unaoua chaja. Ukianza upya na lithiamu hakuna tatizo, itaendelea ilipoishia. NiMH iliyokuwa karibu kujaa ndiyo ya kuangalia: kuianzisha upya kunaweza kuizidishia, kwa hiyo soma mAh zilizokwishaingia kabla kioo hakijafutika, au iache ipoe na upunguze kikomo.

Mwenye chaja ya ukutani isiyo na akili anunue ile saa ya soketi ya kuzungusha, ya kimakanika yenye meno. Mota yake inazungushwa na umeme uleule wa TANESCO, kwa hiyo umeme ukikatika saa nayo husimama, na ukirudi inaendelea kuhesabu. Saa 11 ulizoipangia zinabaki saa 11 za umeme kweli. Saa ya kidijitali yenye betri ndani inaendelea kuhesabu gizani na itakupa betri nusu.

Kama chaja yako inakubali volti 12, betri ya sola ya nyumbani inatosha kabisa. Ya bodaboda pia inaweza kwa dharura: pakiti ya wati-saa 15 itachukua karibu theluthi ya betri ya pikipiki ya ampea-saa 5. Injini iwe imezimwa, na uwe umekubaliana na mwenye pikipiki kwamba huenda akawasha kwa kiki.

Baada ya mchezo, na kati ya michezo

Kosa linaloua LiPo nyingi mjini hapa halitokani na mchezo wenyewe. Mtu anajaza betri Ijumaa jioni, Jumamosi masika yanashuka, mchezo unaahirishwa, betri inakaa imejaa wiki mbili kwenye kabati lenye joto. Ikitolewa imevimba. Lithiamu inapenda kukaa nusu: volti 3.8 kwa seli, jumla 7.6. Hali ya kuhifadhia kwenye chaja inaipeleka hapo yenyewe, iwe kwa kupunguza au kuongeza. Jaza asubuhi ya siku ya mchezo, na ikinyesha, irudishe kwenye 7.6 kabla ya usiku.

NiMH ihifadhi ikiwa na chaji, uiongezee kila mwezi au miwili. Zote zitoe ndani ya kifaru. Swichi ya kifaru ikisahaulika imewashwa, lithiamu itakuwa imekufa kabla ya Jumatatu. Na kwenye gari lililoegeshwa juani, betri isibaki hata kwa dakika za kununua maji.

Betri iliyochoka au iliyovimba

Lithiamu iliyovimba usiitoboe "kutoa gesi". Ipeleke nje, iunganishe na taa ya indiketa ya pikipiki ya volti 12, uiache ndani ya chungu mpaka taa izime kabisa na mita isome karibu sifuri. Kisha funga ncha kwa teipu. Isiingie kwenye takataka zinazochomwa uani, na watoto wasipewe kuchezea. Waulize wanaonunua betri za zamani na vifaa vya elektroniki chakavu kama wanapokea lithiamu. Wengine wanapokea, wengine wanataka betri za risasi za magari tu.

Ikianza kutoa moshi ukiwa unachaji, zima umeme kwenye swichi ya ukuta, funika chungu au mwaga ndoo ya mchanga juu, toa watu nje. Moshi wake ni sumu, usiusogelee kutazama. Ikiwa moto umeshika kitu kingine, piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, ukiwa tayari uko nje. Hata moto ukizimika, betri hiyo inaweza kuwaka tena baada ya saa moja, kwa hiyo iache ndani ya mchanga, uani, mpaka kesho yake.